Fundi Shuka na Pampu Iliyokwama

Mume wangu ana jina zuri alilopewa na mama yake, lakini hapa mtaani hakuna anayelitumia. Wanamwita Fundi Shuka, na mashuka yenyewe ni yangu. Tangu aliponioa, kila akitaka kufungua pampu ya dizeli hutandika shuka jeupe juu ya meza ya gereji, ananawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, ndipo anashika spana. Mafundi wenzake walimcheka sana mwanzoni. Walisema anataka kuzalisha trekta. Yeye aliwaambia pampu haivumilii hata chembe ya vumbi, na kwamba juu ya shuka jeupe kitu kidogo kikianguka kinaonekana. Waliendelea kucheka, lakini pampu zao zikiwashinda walizileta kwake kimyakimya. Mimi ndiye niliyeumia, maana nilikuwa nafungua kabati na kukuta nimebakiwa na mashuka ya maua tu, ambayo yeye hayataki.

Gereji yetu ni chumba cha mbele cha nyumba, chenye mlango wa bati, na ubavuni kuna uwanja wa saruji iliyopasukapasuka ambapo magari husimama. Ukutani kuna ubao mkubwa wenye misumari. Kila spana ina msumari wake, na nyuma ya kila spana pamechorwa umbo lake kwa rangi nyekundu, ili moja ikikosekana ukuta wenyewe useme. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Mimi mwenyewe, mke wa ndoa, mpini wa sufuria ukilegea nilikuwa naazima bisibisi kwa jirani.

Mimi ni mtu wa maneno, yeye ni mtu wa kusikiliza. Anaweza kusimama mbele ya injini inayounguruma, amefumba macho, mpaka mwenye gari adhani amesinzia. Kisha anafumbua na kusema, "Ni nozeli ya pili," ule mdomo unaoipulizia injini dizeli, na kweli inakuwa ya pili. Nikimsimulia habari ndefu ya mtaa mzima hufumba macho vilevile, na mpaka leo sijui kama huwa ananisikiliza au ananitafuta kasoro.

Mwaka jana kiharusi kilimpiga akiwa anafunga kamba za viatu. Tunashukuru, mdomo ulirudi mahali pake. Mguu nao ulirudi, ingawa kwa kuchechemea. Mkono wa kulia ndio uliobaki nyuma. Haujafa kabisa, unainuka, unaweza kushika kikombe akiutazama. Ila vidole havihisi kitu. Aliwahi kushika sufuria ya moto akaendelea kuzungumza, mpaka mimi nilipopiga kelele. Dada wa mazoezi pale hospitali alimpa mpira wa kubinyabinya, naye akaugawa kwa mbwa wa jirani. Basi nikachukua kazi hiyo mimi. Kila asubuhi nachemsha maji, nakamua taulo, namkanda kuanzia begani hadi kwenye ncha za vidole, na yeye anatazama dirishani kana kwamba mkono huo ni wa abiria mwenzake.

Akimaliza kukandwa alikuwa akienda kukaa kwenye kiti cha mlangoni mwa gereji. Wateja walipita, wakampa pole, wakamuuliza hali, kisha wakavuka barabara kwenda kwa fundi kijana aliyefungua pale ng'ambo. Sina ugomvi na kijana huyo. Ana adabu, na kazi anaijua kiasi chake. Siku moja alikuja amevua kofia, akauliza kwa upole kama mzee angependa kumuuzia vyombo vyake, kwa kuwa vinakaa tu. Mume wangu alitazama ubao wa spana, akasema, "Nipe muda." Nilikuwa naanika nguo, na nilisikia baridi ya ghafla kwenye jua kali. Sikuzionea huruma spana, kwa sababu hazijawahi kunipenda. Niliogopa kile kiti. Mtu akishauza vyombo vyake, hakuna tena sababu ya kuinuka kwenye kiti.

Hapo ndipo lilipokuja trekta la wifi.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu, mjane, mkulima, na ana mdomo usiojua likizo. Marehemu mume wake alimwachia trekta kuukuu ambalo rangi yake watu hubishania. Nalo ndilo analolimia mashamba yake na ya majirani, na bila hilo msimu wake umekwisha kabla haujaanza. Lilifika likivutwa kwa mnyororo nyuma ya lori la mchanga, wifi yuko juu ameshika usukani kwa mikono yote miwili, anawapungia watu kwa kichwa kama vile anaendesha.

"Mdogo wangu, limegoma," alisema kabla hajashuka. "Betri nimechaji, dizeli nimejaza. Nimelibembeleza, nimelitukana. Kimya. Na mawingu hayo unayaona."

"Karibu kwanza, dada. Keti unywe hata maji."

"Nikiketi nitasinzia. Huyo fundi wa ng'ambo kalitazama juzi, kasema pampu imekwisha, nitafute nyingine. Nitaitoa wapi, na hata waliolitengeneza wameshalisahau? Nikamwambia mimi nina mdogo wangu."

"Mkono wangu unaujua lakini."

"Sikuufuata mkono," alisema wifi. "Nimefuata kichwa."

Mume wangu alisogeza kiti chake, yeye mwenyewe, akakiburuta kwa mkono wa kushoto mpaka karibu na injini. Miezi yote ile kiti hicho hakikuwa kimetoka mlangoni. Nikaacha nguo zangu kwenye beseni, nikaja kusimama nyuma yake.

"Piga stata," alimwambia dada yake.

Injini ilizunguka, ikakoroma, haikuwaka. Yeye alikuwa anatazama bomba la moshi.

"Hakuna moshi hata kidogo," alisema. "Ingekuwa inapata dizeli, ingetoa moshi mweupe hata kama haiwaki. Haya, chukua spana kumi na saba, ulegeze ile nati pale bomba jembamba linapoingia kwenye nozeli."

Niligeuka nyuma kutazama anaongea na nani.

"Mimi?"

"Kuna mwingine hapa mwenye mikono miwili?"

"Mimi ninayo," alisema wifi kutoka juu ya trekta, "ila nikikaza nati huwa inakatika."

Nilikwenda kwenye ubao nikaitoa spana kwenye msumari wake, na nikahisi kama naiba mchana kweupe. Nililegeza nati. Wifi akapiga stata tena. Halikutoka hata tone. Mume wangu akanionyesha skrubu ndogo kwenye ubavu wa pampu, nikaifungua, na hapo dizeli ikaruka ikanimwagikia gauni. Yeye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu.

"Dizeli inaingia kwenye pampu, haitoki. Imekwama humo ndani. Dada, mara ya mwisho ulilizima vipi?"

Trekta kama lile halizimwi kwa ufunguo. Kuna kitufe chenye waya, ndicho kizimio. Ukikivuta, pampu inakata dizeli na injini inakufa, halafu unakirudisha. Wifi alianza kushuka taratibu, akawa anaangalia pa kukanyaga kuliko ilivyohitajika.

"Nilikivuta kizimio kama kawaida. Halafu nikakifunga na waya wa uzio, nikakaza kwa koleo."

"Kikiwa kimevutwa?"

"Kikiwa kimevutwa. Ni wakwe zangu hao, waume wa binti zangu. Nikigeuka tu wanalichukua kwenda kubebea matofali yao. Nikasema kiangazi hiki mtasukuma kwa matumbo yenu, hamliwashi."

"Na waya umeufungua lini?"

"Juzi."

Mume wangu alifumba macho, mabega yakaanza kutikisika. Nilishtuka nikidhani ni ugonjwa, kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikacheka kwa kumuona anacheka. Wifi alitutazama mmoja mmoja, akasema haoni cha kuchekesha, kisha akacheka kutushinda.

Mume wangu akatueleza. Ndani ya pampu kuna pistoni nne, ndogo kama vidole vya mtoto, na kuna kipande cha chuma kirefu mfano wa rula kinachozigeuza zote kwa pamoja kwa kwenda mbele na kurudi. Mafundi wanakiita reki. Reki ikisogea huku, injini inapata dizeli nyingi. Ikisogea kule, inakosa kabisa. Wifi aliifunga kule, kiangazi kizima, pampu ikiwa na dizeli ya zamani yenye maji. Dizeli ikagandia humo na kutu ikaanza.

"Wakwe zako hawakuliwasha," alimwambia. "Lakini na wewe hutaliwasha."

Kisha akaacha kucheka. Akautazama mkono wake wa kulia uliokuwa umelala pajani.

"Nitajaribu, dada. Na niseme mbele yenu wote wawili. Hii ikinishinda, yule kijana aje achukue vyombo. Sitaki kuendelea kukaa chini ya ule ubao kama mlinzi."

Mimi niliingia ndani nikafungua kabati, nikatoa shuka jeupe, la mwisho kati ya yale mazuri, nikalitandika bila kuombwa.

Nilinawa mpaka kwenye viwiko. Nilifungua kifuniko cha ubavuni mwa pampu, na ndani niliona springi nne na uchafu wa kahawia umezigandia kama chai iliyokaukia kikombeni. Nilisukuma reki kwa kidole. Ilikuwa kama kusukuma ukuta. Niliomba nyundo, hata ile ndogo.

"Nyundo ni ya mlango," alisema. "Humu ukigonga mara moja umemaliza trekta la dada yangu."

Tuliilowesha. Alinielekeza nichanganye dizeli safi na mafuta ya taa na oili nyepesi kidogo, nimimine humo polepole, tuache. Tulisubiri, tukasukuma, haikusogea, tukamimina tena. Wifi alilala kwetu na hakunyamaza hata akiwa usingizini. Kesho yake reki ilisogea kidogo sana, kiasi cha ukucha. Nilipiga kelele kana kwamba nimejifungua. Mume wangu alisema, "Taratibu, mama," lakini aliinuka kwenye kiti kuja kutazama.

Kufikia mchana ilikuwa inakwenda na kurudi. Nilikuwa naisogeza kwa woga, sikuifikisha mwisho, nikiogopa kuvunja kitu. Nilimwambia naona kama iko huru. Akasema kabla hatujafunga lazima aipime yeye mwenyewe. Akasimama, akajishikilia kwenye tairi kwa mkono wa kushoto ili asianguke, akaingiza kidole kwenye pampu. Kidole cha mkono wa kulia.

Niliona. Mwanamke anayemkanda mume wake kila asubuhi anajua vidole gani vinahisi na vipi havihisi. Nilitazama uso wake. Ulikuwa umenyooka kama zamani, uso wa Fundi Shuka mwenyewe mbele ya mteja, na sijui ni muda gani nilikuwa sijauona. Nikafyata ulimi, mimi ambaye sijawahi kunyimwa la kusema.

"Iko sawa," alisema. "Funga."

Kabla ya kuwasha alisema nivue mpira wa chujio la hewa, pale injini inapovutia pumzi, na nitafute ubao bapa nisimame nao karibu. Pampu ikikorofisha, injini inaweza kujilisha dizeli bila kizuizi na kukimbia mpaka ipasuke. Ikifika hapo kizimio hakisaidii, unaiziba pumzi tu. Ubao pekee uliotosha ni wangu wa kukatia vitunguu. Nilimwambia ameanza na shuka, sasa amefika jikoni, itabaki mimi mwenyewe kufungwa kwenye trekta.

Wifi akapiga stata. Moshi mweupe ukatoka, wa kwanza tangu trekta lifike. Injini ikakohoa, ikashika. Wifi akaanza kushangilia, lakini sauti ya injini haikukaa mahali pamoja. Ilipanda. Ikapanda tena, ikawa mlio mmoja mrefu, trekta zima likatetemeka na spana ukutani zikaanza kugongana. Wifi alivuta kizimio mpaka waya ukamtoka mkononi. Sikusikia mume wangu alichosema, nilisoma midomo tu. Alisema, "Ubao."

Niliubandika ubao kwenye tundu la hewa kwa mikono yote miwili. Ulinyonywa kwa nguvu kana kwamba kuna mtu upande wa pili anauvuta. Injini ikapaliwa, ikakohoa, ikafa. Uwanja mzima ulijaa moshi.

Wifi alishuka akakaa chini kwenye saruji. "Naliuza chuma chakavu," alisema. "Sitaki kuua mtu."

Mume wangu alikuwa anatazama mkono wake wa kulia. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akautia mfukoni, kwa kuusaidia na ule wa kushoto.

"Dada, ukipita pale ng'ambo mwambie kijana aje kesho achukue vyombo," alisema, akaingia ndani. Wifi alinitazama, mimi nikatazama pembeni. Akavuka barabara akaenda kusema.

Nilikasirika, sitaficha. Nilimkasirikia yeye, nikaukasirikia mkono, nikajikasirikia mimi kwa kunyamaza siku moja tu katika maisha yangu, na siku yenyewe ikawa hiyo. Siku ile nilipika chakula nisichokumbuka kama kilikuwa na chumvi, na hakuna aliyelalamika.

Asubuhi nilichemsha maji kama kawaida, nikakamua taulo, nikaanza begani. Nilipofika kwenye vidole nikasimama.

"Jana ulipima kwa kidole kipi?"

Alitazama dirishani.

"Mzee, nakuuliza."

"Cha kulia," alisema.

"Kilihisi nini?"

Midomo yake ilikuwa inatetemeka kidogo, upande ule ule ulioumwa.

"Hakikuhisi kitu," alisema. "Nilitaka kiwe kimehisi."

Nililia. Sikulia kwa sauti, machozi yalidondoka tu juu ya taulo ambalo lilikuwa limelowa tayari. Nilipenda sana kusema jambo zuri, lakini jambo zuri halikunijia, nikasema la kweli.

"Vyako havihisi, mume wangu. Vyangu vinahisi. Nimevunja navyo kuni, nimelelea navyo watoto, na usiku mtoto akiwa na homa nilikuwa naijua kabla ya kipimo. Wewe niambie tu vitafute nini."

Safari hii aligeuka akanitazama. Akaitazama mikono yangu kwanza, kama anavyotazama kifaa kipya, kisha uso.

"Vitafute mahali ambapo chuma kinasita," alisema.

Sikungoja aongeze. Nilibeba birika na taulo lile lile nikaenda uwanjani. Sijui niseme wazo lilitoka wapi, labda mikono yenyewe ilikuwa haijamaliza kukanda. Kifuniko kilikuwa kimefungwa bado, basi nikalikamua taulo likawa halidondoki, nikaifunika pampu kwa nje na kuibana. Likipoa, nalichovya, nakamua, narudia. Chuma kikaanza kushika joto. Wifi alitoka na kikombe cha chai akaniuliza kama pampu nayo imepigwa kiharusi.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Hilo nani kakufundisha?" aliuliza.

"Mkono wako."

"Endelea. Ganda la nje likipata joto linatanuka, pistoni zinapata nafasi." Akaja akakaa kwenye kiti. "Sijawahi kufanya hivyo," alisema polepole, kama anayejiambia mwenyewe. "Nilikuwa nalowesha tu."

Nilifungua kifuniko, nikanawa, nikaingiza kidole. Mara hii niliisukuma reki mpaka mwisho kabisa. Ilikwenda vizuri, vizuri, halafu karibu na mwisho nikahisi kitu kidogo kikinasa, kama uzi wa kanga unaposhikwa na msumari. Ukisukuma kwa nguvu inapita. Lakini hairudi.

"Inanasa mwishoni," nilisema. "Ikishafika huko haitaki kurudi."

"Huko mwishoni ndiko kwenye dizeli nyingi," alisema, na nikaona mwili wake wote umeamka. "Ndiyo maana ilikimbia. Gusa pistoni moja moja wakati unaisogeza. Fumba macho. Ipi inachelewa?"

Nilifumba macho. Sijui kama mnaelewa ni jambo gani kwa mtu kama mimi kufumba macho na kunyamaza kwa wakati mmoja. Ya kwanza iligeuka bila shida, ya pili vilevile. Ya tatu ilikuja baadaye kidogo, kama mtu mvivu anayeitwa mara mbili.

"Ya tatu."

"Mimina oili hapo. Igeuze kidogo, irudishe. Ukisikia kama unang'oa jino, acha."

Tulifanya hivyo asubuhi yote. Mimi nageuza, yeye anasikiliza, wifi anachovya taulo na kukamua kwa ile mikono yake inayokata nati. Mara kwa mara mume wangu alisema, "Bado," hata mahali nilipodhani tayari. Nilimuuliza anajuaje na yeye amekaa mbali. Akasema reki ikirudi yenyewe hugonga mwisho wake, mlio mdogo sana, na huo hajausikia. Nikaisukuma tena mpaka mwisho, nikaondoa kidole. Ikarudi yenyewe. Tik.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Funga."

Nilishika ubao wangu wa vitunguu. Wifi alipanda kwenye kiti cha trekta, akanuia jambo fulani kwa kuchezesha midomo, akapiga stata. Moshi ukatoka, injini ikakohoa, ikashika, na mimi nikausogeza ubao karibu na tundu la hewa. Ikapanda kidogo. Kisha ikatulia. Ilinguruma chini chini, sawasawa, na ilibaki hapo. Wifi akakanyaga mafuta, ikapanda, akaachia, ikashuka. Akavuta kizimio, ikazimika kwa utii kabisa. Akakirudisha haraka sana, akaangalia kama tumemuona amekirudisha, akawasha tena. Alikuwa analia na kujifuta kwa mkono wa gauni, akisema ni moshi.

Mume wangu hakupiga makofi. Alikuwa amefumba macho.

"Nati ya bomba la pili inavuja dizeli," alisema. "Haijakazwa vizuri."

Niliinamia injini kutafuta nati hiyo. Nilikuwa humo, kichwa chini ya boneti na dizeli mpaka viwikoni, niliposikia magurudumu ya mkokoteni yakiingia uwanjani. Yule kijana wa ng'ambo alikuwa amefika, amevua kofia kama siku ile. Alisimama akalitazama trekta linanguruma, kisha akamtazama mume wangu.

"Hongera, mzee," alisema, na nadhani alimaanisha. "Nimekuja kwa vile vyombo. Niliambiwa nije leo."

"Ni kweli, niliagiza mimi," alisema mume wangu.

"Kwa hiyo nianze kupakia?"

"Mimi niliagiza vya kwangu. Hivi sasa si vyangu. Muulize mwenyewe."

Kijana alimgeukia wifi kule juu ya trekta. Wifi alitikisa kichwa, akaninyooshea kidevu. Kijana akanitazama, akatazama spana mkononi mwangu, akarudi kumtazama mzee kuona kama ni utani. Na mimi nilimtazama mume wangu nikitafuta kitu hicho hicho. Hakuwa ananitazama. Alikuwa amegeuzia injini sikio, mkono wake wa kulia umelala pajani bila kufichwa, anasikiliza kama mtu ambaye maneno yake yamekwisha na anasubiri kazi iendelee.

Niliirudisha spana kwenye nati. Nikasema nilichoweza.

"Haviuzwi," nilimwambia kijana. "Na sogea kidogo, baba, unaniziba mwanga."